Mlio Mlangoni kwa Nyamizi

Lori la kijiji cha Mwanyanda lilianza kulia wakati wa mavuno ya pamba, na watu wakakubaliana haraka mno juu ya nani aliyelitia kilio hicho.

Mwasiti hakuyajua hayo alipotoka Shinyanga mjini. Aliyoambiwa na Mzee Akida, msimamizi wa karakana, yalikuwa machache: kuna gari linavuma upande wa nyuma, dereva wake yuko nje anasubiri, nenda kalisikilize. Akavaa ovaroli, akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mfuko wa spana, akapanda. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Kagera. Vipuri vilikuwa vitu vya kusimuliana, oili ilipatikana kwa kujuana, na fundi mwenye diploma ya magari alishinda akichonga sili za kuzuia oili kutoka kwenye mipira ya tairi kuukuu.

Dereva aliitwa Donatus, Mzinza wa Geita, mtu mpole wa makamo. Shingoni alivaa uzi wenye medali ya Bikira Maria na ufunguo mdogo, na kila gari liliporuka shimo viwili hivyo viligongana.

"Unausikia?" aliuliza walipouacha mji.

"Bado. Nenda tu."

"Likiwa tupu halisemi sana. Ulipakie pamba ndipo utalijua."

"Linaliaje?"

Donatus alifikiri. "Kama mtu anayeimba kafumba mdomo." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Wao wanasema ni sauti ya mwanamke."

"Wao nani?"

Donatus alibadilisha gia, lori likaanza kuvuta, na hapo Mwasiti akausikia: mvumo mwembamba chini ya sakafu, nyuma ya mgongo wake, ambao ulipanda pamoja na mwendo na haukuwa na pumzi.

Aliomba usukani. Mwasiti aliipenda kazi ya kusikiliza kuliko kazi ya kufungua. Kufungua kunataka nguvu, lakini kusikiliza ni kuondoa. Unaondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kile kisichoweza kukana. Alipita kwenye mchanga, akapita kwenye changarawe, na mlio ukabaki uleule. Tairi hubadilisha sauti kwa kila aina ya barabara, kwa hiyo hazikuwa tairi. Aliliyumbisha lori kulia na kushoto, uzito ukahama kutoka gurudumu moja hadi jingine, na mlio haukujali. Hazikuwa beringi za magurudumu. Alisimama, akatoa gia, akakanyaga mafuta, na injini ikanguruma peke yake, safi. Kiti hakikutetemeka, wala hapakuwa na kishindo chochote alipoachia klachi, kwa hiyo propela, mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, na jointi zake hazikuwa na neno. Mwisho akalikimbiza lori na kukanyaga. Likavuma. Akainua mguu. Kimya. Akakanyaga tena. Likavuma.

"Ni difu," alisema, akielekeza kidole gumba nyuma, kwenye ekseli. "Linalia likivuta, likiachiwa linanyamaza. Pinioni, ile inayopokea nguvu kutoka kwenye propela, imelegea kwenye beringi zake. Umeangalia oili ya difu?"

"Imejaa," Donatus alijibu haraka. "Mpaka mdomoni. Niliiangalia juzi."

Mwasiti alimtupia jicho. Madereva aliowafahamu hawakuwa na habari kwamba difu ina oili, sembuse kukumbuka siku walipoiangalia. Lakini mbele yao vijiji vilikuwa vimeanza, ng'ombe walikuwa barabarani, na neno hilo likapita.

Vijana walikuwa wakiwangoja chini ya paa la ghala la pamba. Wengine walishika fimbo za kuchungia, wengine mapanga, na hapakuwa na mifugo wala shamba karibu.

"Fundi ni mwanamke?" mmoja alisema.

"Vizuri. Mwanamke kwa mwanamke, wataelewana."

Wakacheka, na kicheko chao kikaisha upesi. Aliyetoka mbele kumpokea Mwasiti hakuwa amecheka. Jina lake Maganga, kiongozi wa vijana wa ulinzi, mrefu, mwenye adabu, na Kiswahili chake alikitamka taratibu kwa uzito wa Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Pole na safari, mama. Nikwambie ukweli, sisi hatukukuita. Mwenyekiti ndiye aliyekuita. Sisi tunajua kinacholia. Lakini tumesema sawa, fundi aje, asikilize, ili baadaye mtu asije akasema hatukuuliza."

"Baadaye ya nini?"

"Ya leo," Maganga alisema.

Walilipakia magunia ya pamba. Maganga akapanda kebini, akaketi kati ya dereva na fundi, panga lake akalilaza juu ya mapaja. Barabara ilitoka ghalani ikaenda tambarare, ikapita visima, ikafika kwenye ua wa minyaa uliozunguka nyumba moja ya tembe. Hapo hasa, penye pengo la kuingilia uani, lori likaanza kulia. Safari hii haukuwa mvumo mwembamba. Kilikuwa kilio kinene kinachopanda kutoka chini ya miguu yao, na kiliendelea mpaka ua ulipoisha na nyumba ikabaki nyuma. Kisha kikakatika.

"Umesikia?" Maganga alisema. "Kila siku ni hapa. Halianzi kabla, wala halimalizi mpaka limempita."

"Limpite nani?"

"Nyamizi. Aliomba lifti ya kwenda mnadani Kishapu, Donatus akamnyima kwa sababu gari lilijaa. Siku hiyo lori lilikuwa zima. Kesho yake likaanza. Mke wangu alikuwa ndani ya lori hili tulipokuwa tunamkimbiza hospitali. Alijifungulia humo nyuma, njiani. Mtoto hakulia, mayu. Lililia gari."

Mwasiti alisema, "Pole, kaka," na Maganga akaitikia kwa kichwa.

Mwasiti aligeuka kuitazama barabara kupitia dirisha. Yeyote aliyekuja pale na masikio bila hasira angeona alichokiona. Kuanzia kwenye pengo la minyaa ardhi ilipanda. Ulikuwa mwinuko mdogo, ambao mtu kwa miguu haujui, lakini gari lenye mzigo linaujua. Hapo ndipo kila dereva alipokanyaga mafuta. Nyumba ilipoisha na mwinuko uliisha, na kila dereva aliinua mguu.

Alimweleza Maganga, akimwonyesha kwa kiganja jinsi ardhi ilivyopanda na kushuka. Maganga alisikiliza neno kwa neno.

"Basi twende kwenye kilima kingine," Mwasiti alisema. "Mahali ambapo hakuna nyumba yoyote."

Walikwenda kwenye lambo, upande wa pili wa kijiji, wakaupanda ukingo wake. Lori lililia vilevile. Mwasiti alimgeukia Maganga akitabasamu.

"Sasa ameanza kukitupa kilio chake mpaka huku," Maganga alisema kwa sauti ya chini.

Walirudi. Safari hii waliteremka kupita nyumba ya Nyamizi kutoka juu, mguu wa dereva ukiwa hewani, na lori likapita kimya kabisa. Mwasiti akamwambia, umeona, likiteremka halilii, hata hapa mlangoni kwake.

"Ametuona tuko pamoja na mgeni. Ananyamaza."

Basi Mwasiti akaelewa kwamba kila atakachokileta mbele ya watu hawa kitamezwa. Maganga hakuwa mjinga. Alikuwa na kaburi dogo lisilo na sababu, na aliitaka sababu hiyo kuliko alivyotaka gari.

Walisimamisha lori chini ya mwinuko. Watu walishajikusanya barabarani, wanawake wakiwa na ndoo za visimani, vijana wakiwa mbele. Mwasiti alishuka, akatembea hadi kwenye pengo la minyaa, akaingia.

Kikongwe alikuwa ameketi uani mbele ya mafiga, akikaanga maandazi ya mnada wa kesho yake. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu yeyote aliyeinamia moshi maisha yake yote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na wewe umekuja kusikiliza?"

"Nimekuja kutengeneza gari."

"Ah! Maana wenzako wanakuja kusikiliza tu. Wanasimama hapo, wananikodolea macho nikikaanga, halafu hawanunui." Aliopoa andazi, akalipuliza, akamnyooshea. "Chukua. Au umeshaambiwa usile kwangu?"

Mwasiti alilipokea, akalila pale pale, wote wakimwona. Nyuma yake mtu alivuta pumzi kwa sauti.

"Bibi, huna mtoto mahali pengine?"

"Ninaye binti yuko Isaka. Mume wake anapakua mizigo stesheni."

"Nenda ukakae kwake siku mbili tatu. Mimi nitakupeleka."

Nyamizi aligeuza maandazi kwa kijiti, moja baada ya jingine. "Mwaka jana Mageni wa ng'ambo ya lambo alikimbilia kwa mwanawe. Wakasema, mnaona anavyokimbia? Wakamfuata huko huko. Mimi nina unga nimeshaukanda, mjukuu wangu. Nenda kafanye kazi yako vizuri."

Hapo Mwasiti akajua anachotengeneza siku hiyo si gari. Jua lilikuwa limeanza kulala upande. Alitoka akamwambia Maganga kwamba atalifungua difu, na kitu kinacholia atakitoa akiweke mkononi mwake, akishike kama anavyoshika panga. Alidhani watu wakiona chuma kilicholika watakiamini chuma.

"Fungua," Maganga alisema. "Lakini fungua hapa hapa mlangoni kwake. Naye aone."

Walipakua magunia. Mwasiti aliweka mawe mbele ya magurudumu, akapiga jeki upande wa nyuma, akatandika gunia tupu chini ya ekseli na kulala juu yake. Donatus alijipenyeza kando yake akiwa na boksi la zana.

"Fundi," alinong'ona. "Usifungue."

"Kwa nini?"

"Kaza kaza tu bolti, toka, waambie kimeondoka. Mimi nitaliendesha polepole. Litalia kidogo, watazoea."

"Hawatazoea, Donatus. Wamekuja na mapanga."

"Hawajaja kwa ajili yako. Wala kwa ajili yangu." Macho yake hayakuweza kutulia usoni mwake. "Hawa wameshapata jibu. Kwa nini uwatafutie jingine?"

Mwasiti alimtazama kwa muda. Kisha akagusa tumbo la difu kwa nyuma ya kiganja, akakirudisha haraka. Lilikuwa la moto kama sufuria. Safari fupi vile, na lori nusu ya njia likiwa linateremka.

"Nipe spana ya pembe nne," alisema. Ilikuwa spana fupi yenye ncha ya mraba, inayoingia kwenye tundu la kizibo cha difu, na hakuna spana nyingine inayoweza kukifungua. Donatus aliitoa kwenye boksi kana kwamba ina uzito wa nanga.

Alianza na kizibo cha juu, kile cha kujazia, maana fundi hamwagi kabla hajahakikisha atapata pa kurudishia. Kisha akaweka karai chini, akafungua kizibo cha chini.

Kilichotoka hakikuwa oili. Oili ya difu ni nzito, inajivuta, ina harufu kali inayokaa puani siku nzima. Hiki kilimwagika chepesi kama chai, cha rangi ya dhahabu iliyochafuka, na ndani yake chembe za chuma zilimetameta. Harufu ikapanda pamoja na joto. Ikatoka chini ya lori, ikawafikia waliosimama mbele, ikawafikia wanawake wenye ndoo.

Mwasiti alikuwa bado ana ladha yake mdomoni.

"Mbona kunanukia maandazi?" mtoto wa mtu aliuliza kwa sauti ya wazi, na mama yake akamziba mdomo.

Mama Zipora, mke wa mwangalizi wa ghala, aliinama, akachovya kidole karaini, akanusa. "Mafuta ya pamba," alisema. "Haya haya tunayopikia."

"Wote mnapikia," Mwasiti alisema, akijitoa chini ya gari kwa viwiko. "Kila nyumba hapa ina mafuta ya pamba. Sikilizeni. Mafuta ya kupikia hayawezi kubeba uzito wa difu. Yanaungua, yanakuwa maji, chuma kinasagana na chuma. Ndiyo sababu linalia. Tazameni hizi chembe, hiki ndicho kilio chenu, ni beringi imesagika."

Alipiga magoti, akafungua bolti za propela, akaishusha, akaushika mdomo wa pinioni kwa mikono miwili na kuutikisa. Ulicheza juu na chini, tak, tak, kama jino bovu. "Hautakiwi kucheza hata kidogo! Njoo uushike, Maganga."

Lakini hakuna aliyetazama pinioni. Walikuwa wakitazama juu ya kichwa chake, juu ya minyaa, ambako moshi wa Nyamizi ulipanda wima kwenye hewa iliyotulia.

"Wote tunapikia," sauti ya mwanamume ilisema. "Anayekaanga ni mmoja."

Maganga alikuwa amechuchumaa mbele ya karai. Alichovya vidole vitatu, akavisugua, akavinusa, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu na kufika mwisho.

"Alikuwa anamkaanga," alisema. "Mwanangu. Alikuwa anamkaanga humu."

Vijana walianza kuinama. Mwasiti alidhani wanatazama karai. Walikuwa wanaokota mawe. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kila mmoja alichagua lake kwa utulivu, akalipima mkononi, akaliacha, akatafuta linalomfaa. Uani Nyamizi alikuwa amesimama, kijiti cha kugeuzia bado mkononi.

Mwasiti ndiye aliyekuwa amewaita waje kuona. Alisimama kwenye pengo la minyaa na kuinua spana ya pembe nne juu.

"Aliyatiaje humo?" aliuliza kwa ukali. "Mwambieni aje akifungue kile kizibo. Anayo spana hii?"

"Nogi hahitaji spana!" kijana mmoja alimjibu, na wengine wakaguna kukubali. "Mchawi anaingia popote."

Walikuwa na jibu la kila kitu. Mwasiti aliinama, akakiokota kizibo cha juu kutoka kwenye gunia, akamwendea Maganga na kukiweka kwenye kiganja chake kilichojaa mafuta.

"Sawa," alisema. "Mchawi hahitaji spana. Nimekubali. Basi nionyeshe wewe, tundu hili la pembe nne, mbona kingo zake zina mikwaruzo mipya inayong'aa? Mimi nimekifungua leo mara moja, kikatoka bila shida. Kuna aliyekifungua kabla yangu, siku si nyingi, akahangaika nacho kwa nguvu. Huyo alihitaji spana. Ambaye alihitaji spana si mchawi, Maganga. Ni mtu."

Maganga alikigeuza kizibo kwenye mwanga. Alikigeuza mara ya pili.

"Spana hii inakaa wapi?" Mwasiti aliuliza.

"Kwenye boksi la gari," alijibu Mama Zipora kutoka nyuma. "Kila mtu anajua."

"Boksi linafungwa?"

"Kwa kufuli."

Mwasiti hakuuliza ufunguo uko wapi. Hakutaka kuuliza. Lakini Donatus alikuwa ametoka chini ya lori, amesimama, na mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe shingoni, ukafunika medali na kile kilichoning'inia kando yake. Watu wakauona mkono.

"Na mimi nilishangaa," Mama Zipora alisema, sasa sauti ikiwa nyembamba. "Mke wa dereva ana vitenge viwili vipya. Na sabuni ya kufulia, mche mzima, wakati sisi tunafulia majivu."

"Donatus," Maganga alisema.

"Ilikuwa Rwamgasa," Donatus alisema. Maneno yalimtoka yakikimbizana. "Tulipopeleka mtama kwa wachimbaji. Pampu yao ya kutoa maji kwenye duara, shimo lao la dhahabu, ilikuwa imekauka oili, watu wako chini, maji yanapanda, wakanishika miguu, wakasema tupe chochote. Nikafikiri difu haina haraka, nitatafuta nyingine mjini. Nikatia ya pamba kwa muda. Kwa muda tu! Sikupata nyingine. Hakuna oili nchi nzima, fundi, waambie."

"Na lilipoanza kulia?" Maganga aliuliza.

Donatus alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa lori.

"Nani aliyesema mara ya kwanza kwamba linalia mlangoni kwa Nyamizi? Mimi nilikuwa nyuma, nimemshika mke wangu. Sikujua tuko wapi. Ni wewe uliyesema. Uligeuka dirishani ukasema, ni hapa kwa yule bibi."

Mwasiti aliyaona mawe yakigeuka. Hakuna lililowekwa chini. Mikono ileile, uzito uleule, ila nyuso zilikuwa zimeelekea upande mwingine. Alikuwa ameokoa kichwa kimoja kwa kuonyesha kingine, na hakuwa na spana ya kufungulia hilo.

"Maganga, mpelekeni polisi," alisema. "Mpelekeni Kishapu. Nitasema yote."

Jiwe la kwanza lilimpata Donatus begani. Akakimbia. Mbele yake kulikuwa na watu, nyuma yake lori, na uwazi uliobaki ulikuwa pengo la minyaa. Akalipenya, akapita mafiga, akamfikia Nyamizi ambaye alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba yake.

Kikongwe alimtazama kwa kitambo kifupi sana. Kisha akasogea pembeni, kama mtu anavyompisha mgeni aliyechelewa. Donatus alizama gizani. Nyamizi akarudi mahali pake, akajaa mlangoni.

Vijana walifika kwenye minyaa kwa mbio, na kwenye minyaa wakasimama. Wote. Aliyekuwa mbele aliinua mguu kuvuka, akautazama, akaurudisha.

"Mtoe, bibi," Maganga alisema.

"Ingieni mmtoe wenyewe. Mlango uko wazi."

Hakuna aliyeingia. Upepo wa jioni ulilaza moshi upande wao, nao wakarudi nyuma hatua moja ili usiwaguse.

"Ndiye aliyekusingizia!" Maganga alipaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kwake siku nzima. "Ndiye aliyekunyima lifti! Ungekufa leo kwa ajili yake! Kwa nini unamficha?"

"Mwanangu," Nyamizi alisema, "mkimuua huyu uani kwangu, mtakuwa mmeshaijua njia ya kuja huku."

"Kwa hiyo unakubali? Unakubali kwamba nyumba hii haiingiliki?"

"Sijakubali kitu. Nimesema mlango uko wazi. Anayetaka, aje."

Mwasiti, aliyesimama kati yao na spana yake mkononi, alielewa kikongwe alichokifanya. Nyamizi alilichukua jina walilompa, la mchawi, lile alilokuwa ameepushwa nalo dakika chache zilizopita, akajivika mwenyewe mbele ya kijiji kizima, kwa sababu ndilo tu lililobaki la kumfunika mtu mwingine. Jioni hiyo lingewalinda wote wawili.

Walikaa hivyo mpaka jua likagusa miti. Wanawake waliondoka kwanza, maana ng'ombe walikuwa wakirudi na watoto walikuwa na njaa. Kisha vijana, wawili wawili, bila kuagana. Maganga aliondoka mwisho. Kabla hajageuka alimrudishia Mwasiti kizibo cha difu, akiwa amekifuta kwa shati lake.

"Utalitengeneza?" aliuliza.

"Nikipata beringi. Na oili."

"Likipona," alisema, "litapita hapa kimya." Hakusema kama hilo litakuwa jema au baya.

Ndani ya nyumba mtu alikuwa akilia kwa kujizuia. Nyamizi alimpa mgongo, akaketi tena kwenye mafiga, akauchochea moto. Unga uliobaki ulikuwa umeumuka mpaka ukamwagika nje ya beseni.

"Wamekwenda?" aliuliza, akikodoa macho kuelekea barabarani. Kwa saa ile hakuona mbali.

"Wamekwenda, bibi."

"Na mawe?"

Mwasiti alitazama. Kando ya minyaa, kwa mstari uliofuata pale kila kijana alipokuwa amesimama, mawe yalikuwa yamelazwa chini, moja moja, yote upande wa nje wa ua, na hakuna lililotupwa mbali, kama zana zinazomngoja mwenyewe.

"Wameyaacha," alisema.